Mpira Uliooshwa Mara Saba

Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati la Bibi, arobaini yake imeshasomwa, na kazi ya kugawa nguo zake nimeangushiwa mimi kwa sababu wengine wote, eti, wako bize. Nikatoa kanga, nikatoa mabuibui, nikatoa sweta za sufu alizokuwa akizivaa mbili mbili kila baridi ikianza. Chini kabisa mkono wangu ukagusa kitu kigumu kilichofungwa kwa kanga kuukuu, na kabla sijafungua fundo pua ilikuwa imeshajua. Ngozi, mafuta ya nazi, na udongo kwa mbali. Nikakaa kitako kwenye zulia nikacheka peke yangu kama punguani, kisha nikalia, kisha nikamwandikia ndugu yangu Nassor ujumbe: acha ulichoshika, njoo nyumbani kwa Bibi sasa hivi.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa na bibi zenu kwenye nchi hizi za baridi mtanielewa. Sisi tulikuwa tukikaa Aston, huku kwa Waingereza, kwenye zile nyumba za matofali zilizogandana ubavu kwa ubavu, karibu mno na kiwanja kikubwa cha mpira. Siku ya mechi goli likiingia, vikombe vilitetemeka kabatini. Baba alikuwa dereva wa teksi wa zamu ya usiku, mchana kutwa kalala. Mama alikuwa akihudumia wazee wa Kizungu kwenye nyumba yao ya kutunziwa, akirudi miguu imemvimba. Kwa hiyo serikali ya nyumba ile ilikuwa Bibi, mama yake Baba, aliyeletwa kutoka Unguja baada ya Babu kufariki. Kiingereza alituamuru tukiache mlangoni pamoja na viatu.

Na alikuwapo Nassor, mdogo wangu niliyemwachia ziwa, ambaye alizaliwa hasikii. Siku za mechi alikuwa akibandika viganja vyake kwenye kioo cha dirisha, na goli alilijua yeye kabla ya redio ya Baba. Mtaa mzima ulikuwa mwehu wa mpira, naye pia. Lakini mpira wa mtaani unachezwa kwa kelele. Nipe! Nyuma yako! Achia! Nassor hakuvisikia hivyo, na watoto wale walikuwa hawana subira. Kwanza walimweka golini, halafu wakamweka nyuma ya goli aokote mipira inayotoka. Mimi nilikuwa nikipigana nao, nawaambieni, nikirudi nyumbani sketi imechanika, lakini huwezi kumpiga mtoto ngumi mpaka ampe mwenzake pasi.

Nyumbani nako kulikuwa na vita yake. Nassor alikuwa akisoma darasa la watoto viziwi ndani ya skuli yetu hiyo hiyo, na kila jioni alirudi na mikono imejaa maneno mapya. Nilijifunza kwake kitandani kabla ya kulala. Mama naye alijifunza alipopata nafasi. Bibi alikataa katakata.

"Mkimzoesha kupunga punga mikono, ulimi wake utalala moja kwa moja," alisema. "Huyu atasema. Mwacheni aongeleshwe."

Basi akawa anamwongelesha, mdomo karibu na sikio, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Alimnywesha maji ya kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha zikaoshwa, na mtoto wa watu alikunywa bila kujua kwa nini anaangaliwa vile mdomoni. Mimi nilisadiki kwamba Bibi anaichukia mikono ya Nassor. Nilikuwa na hasira naye ambayo mtoto hatakiwi kuwa nayo kwa mtu mzima, na nilikuwa nikiificha kwa kumwamkia kwa adabu kupita kiasi.

Hapo ndipo akatokea Kocha Dean. Alikuwa msaidizi kwenye darasa la kina Nassor, mwanaume mkubwa, wazee wake walitoka Jamaika, yeye kazaliwa hapa hapa, goti lake moja bovu. Ujanani aliucheza mpira wa Kimarekani kwenye vilabu vya ridhaa, na Jumamosi alikuwa akiufundisha watoto kwenye bustani moja upande wa Kings Heath. Sio ule wa kugongana. Ule wa watoto, kila mmoja anavaa mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni, na ukichomolewa kimoja umekamatwa. Nassor alialikwa. Mimi nilitumwa kama mlinzi, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na Mama alinionya nisichafue koti.

Siku ile ya kwanza Kocha Dean alitukalisha kwenye majani mabichi akaanza kusimulia, mdomo na mikono pamoja, ili asiachwe mtu.

"Mnajua kwa nini kabla ya kila mpira tunajikusanya duara, vichwa ndani, makalio nje?"

Tukacheka. Hakuna aliyejua.

"Zamani sana, huko Washington, kulikuwa na chuo cha viziwi, na chuo kile kilikuwa na timu. Walipangana kwa ishara. Sasa wakikutana na timu nyingine ya viziwi, wale wa upande wa pili wanaona kila kitu, mipango yote iko hadharani. Wakafanyaje? Wakajikunja duara, wakaficha mikono yao katikati. Wanaosikia wakaona, wakasema, ala, kumbe! Wakaiga. Leo hakuna timu isiyofanya hivyo."

Nassor alinyanyua mkono. Akauliza kwa ishara: viziwi?

"Viziwi," Kocha akamjibu.

Kama mimi?

"Kama wewe. Kwenye duara hili sisi wengine wote ni wageni wako."

Laiti mngeuona uso wa ndugu yangu. Mtoto aliyekuwa akiokota mipira nyuma ya goli alisimama pale kwenye majani, akavuta suruali yake juu, akaingia katikati ya duara akaanza kutuvuta mmoja mmoja kwa mikono ya makoti tujipange. Nami nikapiga moyo konde. Nilijiapiza kwamba mchezo huu hautamtoka mikononi, awe nani atakayekuja kuutoa, ardhi na ipasuke.

Nilidhani atakayekuja kuutoa atakuwa mtoto fulani mbaya wa mtaani. Alikuja Bibi.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na mechi imepangwa Jumamosi na watoto wa Longbridge, na Kocha Dean akamwazima Nassor mpira wake mwenyewe wa zamani, wa ngozi, akafanye mazoezi ya kudaka. Nassor alilala nao. Bibi aliuona ulivyochongoka huku na huku akauita papai. "Hilo papai lenu limekauka kama visigino vya baba yenu," alisema, akaliweka mapajani, akatia vidole kwenye bakuli la mafuta ya nazi akaanza kulipaka. Bibi alipaka mafuta ya nazi kila kitu, nywele zetu, bawaba za milango, mkoba wake. Nassor kakaa miguuni pake akitazama, ametulia tuli.

Mimi nilikuwa na kitabu cha maktaba, kile cha mambo ya ajabu ya michezo ya dunia, na nikataka kumpendeza Bibi. Nikawa namsomea huku nafasiri.

"Bibi, zamani walikuwa hawavai kofia ngumu. Vichwa vitupu!"

"Wazimu."

"Na ilikuwa haramu kuurusha mpira mbele. Walisukumana tu kifua kwa kifua, watu wakaumia, wengine wakafa, mpaka rais wa nchi akaingilia kati. Ndipo wakaruhusu kurusha, ili watu watawanyike."

"Rais mzima hana kazi?"

"Na mpira ulikuwa mnene, Bibi. Baada ya kuruhusu kurusha wakawa wanaupunguza tumbo."

"Ehe, hapo wametumia akili," akasema, akalipiga papai kofi la upendo.

"Na hapo mwanzo kabisa ulikuwa kibofu cha nguruwe kimepulizwa upepo, ndiyo maana mpaka leo Wamarekani wanauita ngozi ya nguruwe."

Mikono ya Bibi ikasimama.

"Kibofu cha nani?"

Sikuwahi kurudia. Bibi, ambaye asubuhi ile alikuwa amelalamika hawezi hata kunyanyua birika, alirusha mpira ule ukapita mlango wa jikoni ukatua uani. Lahaula walakuwata! Bakuli la mafuta likafuata. Akatuburura mpaka bombani. Kwa sisi tuliolelewa kwa madhehebu yetu, ukigusa nguruwe unaosha mara saba, na moja kati ya hizo saba kwa udongo. Nikatumwa nichimbe udongo kwenye kitalu cha maua ya jirani, maana kwetu uani kulikuwa na saruji tu. Tukasimama watatu kwenye sinki ya jikoni tunajipaka matope mpaka viwikoni.

Sasa hebu jiwekeni mahali pa Nassor. Yeye aliona dada yake amefungua mdomo, Bibi akatupa mpira wake, kisha akamkamata akampaka matope. Alikuwa akiniangalia mimi, akiniuliza kwa macho, nini? Nimefanya nini? Na mimi siwezi kumjibu kwa sababu mikono yangu imejaa udongo na Bibi kaishika.

Hukumu ilitoka jioni, Mama akiwa hajavua hata viatu. "Mkono unaoshika nguruwe hautashika msahafu ndani ya nyumba hii. Mpira ule basi, na huko Kings Heath basi." Mama akajaribu kusema kidogo, akashindwa. Baba aliamka ajiandae kwenda kazini, akauliza, "Mama kasema?" Tukamwambia kasema. "Basi ndiyo hivyo," akajibu, akatafuta funguo zake.

Nassor nilimweleza mwenyewe, kitandani, kwa mikono iliyokuwa bado inanuka udongo. Alivua mkanda wake wa vitambaa, akaukunja vizuri, akauweka chini ya mto wangu. Kesho yake alikaa kwenye ngazi ya mwisho ya nyumba, akaweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Mtoto asiyesema kwa mdomo akiikalia mikono yake, jueni huyo amenyamaza kweli kweli. Moyo uliniuma mpaka nikashindwa kula.

Lakini kulia nilikataa. Kwenye mchezo ule unapewa majaribio manne kusogea yadi kumi, na ukifika unapewa manne mengine. Kocha Dean alikuwa akituambia kwamba aliyesimamishwa mara moja hajashindwa, kasimamishwa tu. Mimi nikahesabu yangu.

La kwanza nilijaribu kubishana. Nikamwambia Bibi kwamba kitabu kimesema zamani, sio sasa. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake wa hatari, "Kimesema mpaka leo wanauita nguruwe, hakikusema?" Kimesema, Bibi. "Haya, kalete vikombe."

La pili nilimleta Kocha Dean mwenyewe. Alikuja baada ya skuli, akavua kofia, akasimama kizingitini hajui aweke wapi mikono yake mikubwa. Mpira ulikuwa uani bado, umefunikwa ndoo. Nikawa mkalimani.

"Mwambie bibi yako ile ni ngozi ya ng'ombe," alisema. "Hilo la nguruwe ni jina tu lililobaki. Mipira ya namna hii inashonwa kwa ng'ombe tangu babu yangu hajazaliwa."

Nikafasiri. Bibi akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Mwambie ahsante kwa kuja. Muulize, yeye nguruwe anakula?"

Jamani! Nilitamani nimfasirie kitu kingine. Nikauliza. Na Kocha Dean, masikini ya Mungu, hakuwa mtu wa uongo.

"Asubuhi nimekula," akasema. "Kwenye mkate."

"Haya basi," akasema Bibi. "Nimchukue shahidi wa nguruwe mtu ambaye nguruwe mwenyewe yumo tumboni mwake saa hizi?" Akaingia jikoni akamfungia kaimati kwenye karatasi, sahani nzima, akamkabidhi kwa mikono miwili, akamfungia mlango kwa heshima zote.

Likafuata jaribio la tatu, na hili nililitoa kichwani mwangu mwenyewe. Nilijiambia hivi: mikono yetu iliguswa na nguruwe, ikaoshwa mara saba na udongo, sasa Bibi anaishika bila wasiwasi. Kwa hiyo na mpira ukioshwa mara saba na udongo, umetakasika, basi, tumemaliza. Niliona ajabu kwamba watu wazima hawakuliwaza jambo rahisi namna ile. Sikujua kwamba ngozi ya nguruwe haitwahariki hata uioshe kwa maji ya mto mzima.

Ijumaa baada ya skuli Bibi alipopanda juu kujinyoosha, nilitoka uani na ndoo. Nikausugua mpira ule kwa udongo wa jirani na brashi ya viatu, nikauzamisha, nikautoa, nikamwaga maji, nikajaza mengine, nikahesabu kwa sauti nisikosee, maana nilikuwa nikiona hatima ya ndugu yangu iko kwenye ile hesabu. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Nassor alinitazama kupitia dirisha la jikoni akadhani namalizia kuuzamisha mpira wake kwa amri ya Bibi, akaondoka dirishani. Nikaacha aende, nitamweleza ukishakauka.

Tatizo ni kwamba haukukauka. Ulikuwa umekunywa maji mpaka ukawa mzito kama mtoto mchanga. Nikauingiza sebuleni ndani ya kanga, nikauweka juu ya hita ya ukutani, nikafungulia hita mpaka mwisho, nikafunga mlango, nikakaa nikaulinda.

Baada ya muda ngozi ikaanza kutoa mvuke. Na harufu, wee! Harufu nzito ya mnyama ikajaa chumba, ikapita chini ya mlango, ikapanda ngazi. Nilikuwa nikijipepea na kitabu cha maktaba niliposikia kitanda cha Bibi kinalia, kisha miguu yake ngazini, polepole, halafu haraka.

"Nani anapasha ngoma moto nyumbani kwangu?"

Mlango ukafunguka. Nilisimama mbele ya hita mikono nimeitanua, kama naweza kuificha harufu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi. Lakini Bibi hakunitazama mimi. Alisimama katikati ya zulia, ushungi umemteleza begani, pua juu, na uso wake sikuwahi kuuona vile, ulikuwa uso wa msichana.

"Ngoma," akasema tena, kwa sauti ndogo. "Ile ni ngozi ya ngoma."

Akanisogeza kwa mkono mmoja, akauona mpira juu ya hita, na kabla sijamwambia asiuguse, akauchukua kwa mikono yake mitupu akaunusa. Akaunusa tena, macho kafumba. Akaniambia kwamba utotoni kwao Ng'ambo jirani yao ukuta kwa ukuta alikuwa mwambaji ngoma. Ngozi zililowekwa mapipani, na siku ya harusi, kabla ya watu kuja, ngoma zilizowambwa zilipangwa kuuzunguka moto wa makuti ili ngozi ikaze, na yeye na wenzake walikaa karibu kabisa mpaka nguo zao zikashika ile harufu, wakapigwa na mama zao.

"Nguruwe sijui ananuka vipi, na Mwenyezi Mungu asinijulishe," akasema. "Lakini ng'ombe aliyelowa akapata moto, huyo namjua. Huyu ni ng'ombe, Salma. Ng'ombe mtupu. Yule Jamaika kasema kweli, na mimi nikamfungia mlango." Kisha akanifinya sikio mpaka nikapiga ukelele. "Na wewe nani kakutuma uoshe ngozi? Itakauka hii iwe ubao! Kalete mafuta!"

Sikwenda kuleta mafuta. Nilikimbilia kwenye ngazi kumwambia Nassor. Alikuwa pale pale pake, mikono kaikalia. Ile nanyanyua yangu tu niseme, Bibi akanishika bega kwa nyuma.

"Kaa pembeni. Mimi ndiye niliyemkataza, mimi ndiye nitakayemwambia."

Akasimama mbele yake, mpira mkononi unachuruzika maji. "Nassor! Ng'ombe!"

Nassor akatazama ule mdomo, akatazama mpira wake ulioharibika, akarudi nyuma ngazi moja.

"Ng'ombe, baba! NG'OMBE!"

"Kuna nini huko?" Baba akauliza toka chumbani, usingizini.

Nassor aliona uso mkali, mishipa ya shingo imesimama, na mpira umenyanyuliwa juu kama unataka kutupwa tena. Akaweka mikono kichwani kujikinga. Nikamwona Bibi anaona. Aliiona ile mikono midogo inajikinga dhidi yake, yeye aliyekuwa akimpenda yule mtoto kuliko pumzi yake. Akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa nalijua neno lile, nilikuwa nalo tayari mikononi, lakini aliniambia nikae pembeni na nilikuwa nimekaa pembeni, na kwa mara moja katika maisha yangu sikumsaidia mtu.

Bibi akaubana mpira katikati ya magoti, ukalowesha gauni lake. Akanyanyua mikono yote miwili, akaweka kichwani, kidole kimoja kimoja kimesimama. Pembe. Akainamisha kichwa akakitikisa, akakwangua zulia kwa mguu, na akalia kama ng'ombe, ingawa la kulia halikuwa na faida kwa aliyekusudiwa.

Nassor akashusha mikono. Akatazama zile pembe. Akatazama mpira. Kisha taratibu akaweka pembe zake mwenyewe, zile sahihi za darasani, akaunyooshea mpira kidole: huu? Bibi akaitikia kwa kichwa. Pembe, mpira, pembe. Mtoto akacheka, ile sauti yake nene ya kucheka ambayo hata yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia, akaruka kutoka ngazini akamwangukia Bibi tumboni na mpira wenyewe katikati yao.

Nilipokua Mama aliniambia kilichokuwa kikimsumbua Bibi miaka ile yote. Hakuwa akiichukia mikono ya Nassor. Alikuwa akiogopa kufa kabla mjukuu wake hajamwita.

Jumamosi Bibi alipanda mabasi mawili pamoja nasi, koti juu ya buibui, mwavuli, na mfuko wa kaimati wa kumwomba radhi Kocha Dean. Papai lilikuwa limeshakuwa ubao kama alivyotabiri, Kocha akalipapasa, akacheka, akamwambia Nassor libaki kwake moja kwa moja. Tukacheza na mpira mwingine, manyunyu yanatupiga, na watoto wa Longbridge walikuwa wakubwa, sijui wazazi wao waliwalisha nini. Walitutoa jasho. Tulifungwa, nisiwadanganye, na tulifungwa sawasawa.

Lakini karibu na mwisho tulijikunja duara, vichwa ndani, makalio nje, na Kocha alikuwa amemwachia Nassor kupanga. Akatutazama usoni mmoja mmoja, kisha katikati yetu, pasipoonekana na mtu, akaweka pembe kichwani, akajigusa kifua. Nirushieni mimi. Mrushaji nilikuwa mimi. Nilirudi nyuma, nikamwona anakata mbio pembeni kule ambako hakuna mtu, nikaurusha mbele kwa nguvu zangu zote, ule mrusho ambao zamani ulikuwa marufuku. Ukamkuta mikononi. Mtoto wa Longbridge akachomoa kitambaa, kachelewa. Nassor alikuwa ameshavuka mstari.

Sote tukapiga kelele ambazo hakuzisikia. Akageuka, na hakututazama sisi. Alitazama pembeni ya uwanja, ambako Bibi alikuwa ameuachia mwavuli wake ukaenda na upepo, kasimama kwenye matope mikono yote miwili kichwani, pembe juu, anatikisa kichwa mvuani. Wazazi wa wale wengine walisogea kando kidogo.

Kwenye basi la kurudi, tukipita barabara ya maduka ya Kings Heath, Nassor alimgusa Bibi goti, akamnyooshea kidole, akaweka pembe. Bibi akamrudishia. Nassor akakataa kwa kichwa, akarudia: kidole kwake, pembe.

"Anasemaje?" Bibi akaniuliza. "Ng'ombe gani tena?"

Nikamweleza kwamba viziwi huwapa watu majina ya mkono, hawayatoi ovyo, wanakupa kwa jambo ulilofanya, na ukishapewa ni lako. "Sio ng'ombe, Bibi. Anakuita wewe."

Bibi akageukia dirishani. Tuliposhuka mjini kubadilisha basi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya ushungi, akidai hita za mabasi ya nchi hii zinaumiza macho. Tangu siku ile hadi anaingia kaburini, hivyo ndivyo Nassor alivyomwita, na Bibi alikuwa anaitika kwa sauti, "Labeka!", hata akiwa jikoni kampa mgongo na mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba anaitwa.

Nassor alifika akiwa na nguo za kazini bado, ndevu zina vumbi la mbao. Nikamwonyesha kanga iliyofunguliwa. Nikamwambia kwa mikono kwamba vingine vyote nitavigawa kama nilivyoagizwa, lakini huu haugawiwi mtu, nitapigana. Akauchukua mpira ule, mgumu kama ubao, akaunusa kwa muda mrefu, macho kafumba vile vile kama yule aliyetuachia.

Akakaa ukingoni mwa kiti. Akaubana katikati ya magoti. Kisha akakielekea kitanda kitupu, akanyanyua mikono yote miwili kichwani, akamwita.